Makipa wetu tunawanunua wakae benchi

Mwezi uliopita nilikuwa Mkange. Kwa asiyepajua, ukifika Mandera kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera unaingia vumbi, unapita Miono, unafika. Ukinyoosha mbele zaidi unakutana na Saadani na bahari. Nilikwenda kwa mambo ya familia, lakini ukiwa mwandishi wa mpira huwezi kuona vumbi linapanda uwanjani saa kumi na moja jioni ukapita na njia zako. Nikasimama.

Ilikuwa mechi ya vijana. Magoli ya miti, nyavu hakuna. Kipa wa upande mmoja alikuwa dogo wa miaka kama 15, miguu mirefu, mikono mirefu zaidi, peku. Ndani ya dakika kumi alifanya mambo matatu ambayo nimeyaona yakiwashinda makipa wanaolipwa mshahara. Alitoka mapema kukata krosi. Aliwapanga mabeki wake kwa sauti kabla kona haijapigwa. Na alipodaka mpira hakuubutua tu mbele, aliurusha kwa mkono kwa winga aliyekuwa peke yake pembeni.

Nikamuuliza kocha wake, mtu mzima aliyevaa jezi ya Yanga iliyopauka, nani kamfundisha huyu. Akacheka.

"Hakuna aliyemfundisha, mdogo wangu. Huyu alikuwa mshambuliaji. Kipa wetu alienda Dar kutafuta maisha, tukamwambia huyu, wewe mrefu, simama hapo."

Basi nikarudi mjini nikiwa na jambo hilo kichwani, nikakuta mitandao inabishana kuhusu Yakoub Suleiman kutua Simba. Nusu wanasema Simba wamelamba dume, nusu wanasema kijana kaenda kuzikwa. Nikaona haya mawili, la Mkange na la Msimbazi, ni jambo moja lenye ncha mbili. Kule chini kipa hatengenezwi, anaokotwa. Huku juu akishaiva ananunuliwa, kisha anakalishwa.

Twende taratibu.

Yakoub tulimwona wote Agosti 2025 kwenye CHAN. Stars iliifunga Burkina Faso 2-0, ikaifunga Mauritania 1-0, ikaifunga Madagascar 2-1, ikatoka 0-0 na Afrika ya Kati. Mechi nne za makundi, bao moja tu limeingia. Robo fainali Morocco wakatutoa 1-0, na hao ni watu ambao wamewatoa wengi. Mashabiki wengi wa Kariakoo walikuwa hawajui hata sura yake kabla ya hapo. Alikuwa JKT Tanzania.

Hapo ndipo pa kutulia. Alikuwa JKT Tanzania, na JKT alikuwa anadaka. Wikiendi hii anaenda ugenini kwenye uwanja wenye mabonde, wikiendi ijayo anapigiwa mashuti na Prince Dube, inayofuata anakosea, anafungwa, anatukanwa, anaamka Jumatatu anarudi mazoezini. Kipa anatengenezwa hivyo. Hakuna kocha duniani anayeweza kumfundisha kipa mazoezini lini atoke kwenye krosi na lini abaki. Hilo unalijua baada ya kutoka vibaya mara 20 na kufungwa mara 20.

Kisha akaenda Simba, ambako lango lilikuwa na mwenyewe, Moussa Camara. Camara alikuja mwaka 2024 kutoka Horoya ya Guinea, na msimu wake wa kwanza tu aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho. Al Masry walipokuja kwa Mkapa Aprili 2025 wakafika kwenye matuta, yeye ndiye aliyewarudisha kwao Misri. Kocha gani atamtoa mtu huyo?

Simlaumu Yakoub. Kipa wa JKT akiitwa Simba anaenda, kwanza ni pesa, pili ni ndoto ya mtoto yeyote wa nchi hii. Simlaumu Camara, yeye kaajiriwa kudaka, anadaka. Ninauliza swali kwa waliomnunua: mpango ni nini? Atadaka lini? Kama jibu ni "Camara akiumia", basi huo siyo mpango, hiyo ni bima.

Na tumeshaona bima hii inavyofanya kazi. Kumbuka Aprili 2023. Aishi Manula kaumia, Beno Kakolanya kaumia, Simba imebaki na kipa namba tatu, Ally Salim. Mechi iliyo mbele yake ni dabi. Mimi mwenyewe siku ile nilisema kijiweni kwamba leo tunakwenda kuhesabu. Salim akadaka, Simba ikashinda 2-0. Siku chache baadaye Wydad wakaja Dar, Salim yumo, Simba 1 Wydad 0. Wakaenda Casablanca, wakafungwa 1-0, wakatolewa kwa matuta, lakini hakuna Mwanasimba aliyemnyooshea Salim kidole. Agosti mwaka huohuo, Mkwakwani, fainali ya Ngao ya Jamii, matuta na Yanga. Kijana kapangua penalti tatu. Tatu! Tanga nzima ilisimama.

Baada ya hapo nini kilitokea? Simba ilikuwa imeshamleta Ayoub Lakred kutoka FAR Rabat, na ilipofika katikati ya msimu Lakred ndiye mwenye lango. Msimu uliofuata akaja Camara. Salim akawa mtu wa kupasha moto wenzake.

Mtu ataniambia Lakred alikuwa bora kuliko Salim. Kweli, mwaka 2023 alikuwa bora. Sibishi. Lakini Salim wa mwaka 2023 aliyekwenda kudaka mechi 30 Mbeya au Kagera, mwaka 2025 angekuwa nani? Hatujui, na hatutajua, kwa sababu miaka miwili mizuri ya kipa kijana aliyepangua penalti tatu za Yanga imeishia kwenye kiti cha plastiki. Mchezaji wa ndani unaweza kumpa dakika 15, dakika 20, akaonja. Kipa hana dakika 15. Kipa anadaka au hadaki.

Yanga nao wasicheke. Januari 2022 walimleta Aboutwalib Mshery kutoka Mtibwa Sugar. Wakati ule Mshery alikuwa anazungumzwa kama mrithi wa Manula Taifa Stars, na Mtibwa alikuwa anadaka kila wiki. Akafika Jangwani akamkuta Djigui Diarra. Nyie wenyewe mnajua mmemwona mara ngapi tangu hapo. Mwaka 2024 akaongezwa Khomeini Abubakar. Makipa wawili Watanzania, wote waliwahi kuwa na lango lao, nyuma ya mtu mmoja ambaye akiwa mzima hatoki.

Nimeshasikia dawa inayopendekezwa vijiweni: pigeni marufuku makipa wa kigeni. Naielewa hasira yake. Tuzo ya kipa bora wa ligi 2021/22 Diarra, 2022/23 Diarra, 2023/24 Ley Matampi wa Coastal Union, Mkongomani. Mtanzania akitazama anaona lango lake limekodishwa. Na wenye hoja hiyo wanataja Misri, ambako klabu hazisajili makipa wa kigeni, na ambako Essam El-Hadary alidaka mpaka Kombe la Dunia akiwa na miaka 45.

Sawa. Sasa tazama na China. Nao waliwapiga marufuku makipa wa kigeni tangu 2001. Wamekwenda Kombe la Dunia mara moja tu, 2002, basi. Zaidi ya miaka 20 lango lote ni la Wachina, na bado. Marufuku haitengenezi kipa. Marufuku inahakikisha kwamba kipa yeyote atakayekuwepo, mzuri au mbovu, atapata kazi. Misri wana makipa kwa sababu Al Ahly na Zamalek wana watoto wa miaka 12 wanaofundishwa kudaka, na zuio linakuja juu ya hapo.

Halafu tuseme ukweli, Diarra ametufundisha kitu. Kabla yake mashabiki wengi hapa walidhani kipa kazi yake ni kuruka. Yeye akatuonyesha kipa anayecheza kama beki wa tano, anayepiga pasi ya mita 40 kifuani kwa winga, anayesimama karibu na duara la kati timu ikishambulia. Algiers, Juni 2023, fainali ya Shirikisho, Yanga inaongoza 1-0, USM Alger wanapata penalti na uwanja unawaka moto. Akaipangua. Kombe lilikwenda kwa sheria ya bao la ugenini, lakini usiku ule kila kipa mtoto wa nchi hii alijifunza jinsi ya kusimama. Ukimzuia Diarra unamzuia na yule mwalimu.

Lakini swali ambalo Wananchi hawajiulizi ni hili: Diarra alitengenezwaje? Hakushuka Jangwani kutoka mbinguni. Ni zao la Bamako, Stade Malien. Mwaka 2015 alikuwa golini Mali iliposhika nafasi ya tatu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 kule New Zealand, na njiani waliitoa Ujerumani kwa matuta. Mwaka uliofuata akadaka fainali ya CHAN Kigali. Mwaka 2021 akadaka fainali nyingine ya CHAN, Cameroon. Zote walifungwa, kumbuka. Alipotua Dar alikuwa na miaka 26 na tayari ameshadaka mechi kubwa ambazo kipa wetu wa kawaida hazipati maishani. Yanga haikununua kipaji tu, ilinunua mechi. Mechi ambazo Wamali walimlipia yeye alipokuwa kijana, kwa mabao aliyofungwa akijifunza.

Sisi tunataka mtu aliyekwisha kufungwa kwa gharama ya wengine.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo nje ya mpira wetu, nitarudi. Kuna mchezo wa besiboli, ambao hapa nchini una watu wachache. Pale Sekondari ya Azania, Upanga, kuna uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, wengi hupita nje bila kujua. Besiboli ina mtu mmoja ambaye ni kama kipa kwa uzito: yule anayerusha mpira kwa mpigaji mwenye gongo. Anayeanza mechi kwa kurusha ndiye roho ya timu siku hiyo. Akiwa mbovu, mmeisha mapema. Na ni adimu na ghali, kiasi kwamba klabu za Marekani zimeshindana miaka mingi juu ya jambo moja tu: umtengeneze au umnunue?

Cleveland ni klabu ambayo haina pesa za New York wala Los Angeles. Wao waliamua kutengeneza. Mwaka 2016 walimchukua kijana wa chuo kikuu, Shane Bieber, katika raundi ya nne ya uchaguzi wa vijana, yaani raundi tatu nzima zilikuwa zimeshapita bila yeye kuchukuliwa. Mwaka 2020 akapewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Katika miaka hiyohiyo Cleveland waliuza warushaji wao wakubwa, Trevor Bauer na Corey Kluber mwaka 2019, Mike Clevinger mwaka 2020, kabla mikataba yao haijawaelemea, wakachukua vijana badala yake, wakaendelea. Wanauza kwa sababu nyuma wana wengine.

Na siri yake siyo mashine wala kompyuta, ingawa nazo zipo. Siri ni kwamba kila klabu kubwa kule ina timu nne za chini, ngazi kwa ngazi, na mrushaji kijana habaki juu akitazama. Kama juu hakuna nafasi, anashushwa ngazi moja akarushe. Kila baada ya siku tano au sita, zamu yake imefika, yuko uwanjani. Akifanya vizuri anapanda, akipwaya anashuka, lakini anacheza. Kumpandisha kijana ili akae benchi mwaka mzima kwao ni kama kununua ng'ombe wa maziwa ukamfungia ndani usimkamue.

Sasa rudi nyumbani. Hatuna timu nne za chini. Tuna nini? Tuna mkopo. Na kuna mfano wetu wenyewe ambao tumeusahau haraka, wa Azam.

Azam FC ndiyo klabu pekee hapa ambayo kwa kipindi fulani ilitengeneza makipa kwa makusudi. Manula ni zao la Chamazi. Alipanda akiwa kijana, akapewa lango, akakosea, akabaki langoni, mpaka Simba ilipokuja na pesa 2017. Simba ikamchukua akiwa ameiva na ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18. Metacha Mnata naye alipita Azam. Yeye hakukalishwa nyuma ya mtu, alikwenda Mwanza kwa Mbao FC akadaka, na kutoka Mbao akaingia kikosi cha Stars cha Afcon 2019 Misri, kisha Yanga. Njia ilikuwepo na ilifanya kazi.

Lakini hata Azam wenyewe baadaye walishika njia ya kununua: Razak Abalora kutoka Ghana, Ali Ahamada Mkomoro aliyekulia Ufaransa, Abdulai Iddrisu Mghana mwingine, Mohamed Mustafa Msudani. Wazuri, sisemi. Na mwaka 2025 walifanya nini? Walimrudisha Manula. Kipa waliyemlea wao, aliyeondoka mwaka 2017. Mimi nampenda sana Manula, lakini klabu yenye akademi bora nchini inapomrudisha mtoto wake wa zamani, kuna swali la watoto waliofuata wako wapi.

Na Manula huyohuyo ndiye ushahidi wa jinsi benchi la Simba lilivyoitesa Stars. Aliumia 2023, akakaa miezi, akarudi moja kwa moja kwenye dabi ya Novemba 5. Mnakumbuka matokeo, 5-1, sina haja ya kuwachoma Wanasimba zaidi. Akapotea tena. Januari 2024 tunakwenda Afcon Ivory Coast, golini nani? Manula, kipa ambaye klabuni kwake ameshapoteza nafasi. Morocco 3-0. Zambia 1-1. Kongo 0-0. Alijitahidi mno, mechi ya Kongo alikuwa mkubwa. Lakini nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ilikwenda mashindano makubwa na kipa aliyetoka benchi, na nyuma yake wasaidizi ambao mmoja alitoka Sweden, Kwesi Kawawa. Novemba 2024, tunahitaji kuifunga Guinea kufuzu Afcon nyingine, Hemed Morocco anamwita nani tena? Manula, ambaye msimu ule Simba alikuwa hana nafasi kabisa.

Siyo mara ya kwanza. Septemba 2019 dhidi ya Burundi, kufuzu Kombe la Dunia, mechi ikaenda matuta kwa Mkapa. Aliyekuwa golini ni Juma Kaseja, wakati huo yuko KMC, miaka 34. Tulishinda, tulicheza ngoma, tukasema Kaseja ni dhahabu. Ni dhahabu kweli. Ni yuleyule aliyeitoa Zamalek kwa matuta Cairo mwaka 2003, Zamalek wakiwa mabingwa watetezi. Lakini fikiria: shujaa wa 2003 ndiye shujaa wa 2019. Katikati hapo miaka 16 imepita.

Wazee wetu waliomwona Athumani Mambosasa na Juma Pondamali wakienda Afcon ya 1980 Nigeria watakwambia enzi hizo kila timu ilikuwa na kipa wa kuogopwa. Wakati mwingine wazee wanatia chumvi. Lakini sababu yake ni rahisi: makipa wote walikuwa wanadaka, kwa sababu mtu akikosa nafasi timu moja alihamia nyingine, haikuwa na pesa ya kumshikilia.

Pesa. Hapo ndipo panapouma. Simba na Yanga leo zina pesa ya kumlipa kipa namba tatu mshahara ambao JKT au Namungo hawawezi kumlipa kipa namba moja. Kwa hiyo kijana haondoki, na klabu haina haraka ya kumwachia. Kila mtu ana raha isipokuwa mikono yake, ambayo inasahau kazi.

Ligi yetu ina timu 16. Maana yake ni kwamba viti vya kipa wa kwanza ni 16 tu nchi nzima, na vile vya timu kubwa vimekaliwa na wageni. Vinavyobaki ndivyo Stars yetu inavyotegemea. Ukimtoa kipa bora kwenye kiti chake cha Mbweni ukamweka benchi Msimbazi, umepunguza kimoja. Sidhani kama kuna mtu pale TFF ameihesabu hivyo, lakini ihesabuni.

Ninachokitaka ni kidogo tu. Simba, Yanga na Azam wabaki na wageni wao. Wabaki pia na kipa mzoefu Mtanzania wa akiba, mtu mzima, anayejua kwamba kazi yake ni kusubiri. Lakini kipa yeyote Mtanzania chini ya miaka 23 asisubiri. Aende mkopo, msimu mzima, kwenye timu ambayo kocha wake ameahidi kwa maandishi atadaka. Klabu kubwa iendelee kumlipa mshahara wake ili asipoteze kitu. Na ikipeleka kipa, imlipe na kocha wa makipa wa timu hiyo kwa msimu huo. Gharama hiyo haifiki nusu ya ada ya kumleta mgeni mmoja.

Kocha wa makipa nimemtaja makusudi. Nimetazama mazoezi ya timu nyingi za vijana hapa Dar na Pwani, na picha ni ileile: makocha wawili na wachezaji 20 upande huu, na makipa wawili peke yao kule pembeni wanarushiana mpira kama watoto wanaocheza rede, hakuna anayewaangalia. Mwishoni wanaitwa kuja kupigiwa mashuti, ili washambuliaji wafanye mazoezi. Kipa kwetu ni kifaa cha mazoezi ya mshambuliaji. Halafu tunashangaa.

TFF wanaendesha kozi za ukocha, leseni za D na C zimefika wilayani, na hongera zao. Ya makipa ipelekwe pia. Pondamali mwenyewe amewahi kuwanoa makipa wa Yanga, na mastaa wetu wengine wa zamani wa langoni wapo mtaani wana ujuzi wao. Watu hawa wakizungushwa wilaya kwa wilaya wiki mbilimbili tungepata kitu.

Kwa nini napiga kelele sasa? Kwa sababu Afcon ya 2027 inachezwa hapa, kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Tutajaza uwanja wa Benjamin Mkapa, tutapaka nyuso rangi, na mtu mmoja atasimama golini na glovu. Ni chini ya misimu miwili. Kipa huyo leo yuko mahali fulani katika nchi hii, na katika misimu hiyo ama atakuwa anadaka ama atakuwa amekaa. Naamini kwamba Yakoub anaweza kuwa ndiye. Kama ifikapo dirisha dogo bado hajapata mechi, Simba wampeleke mahali akadake, hata kama ni kumrudisha JKT kwa mkopo. Mashabiki watasema ni kumshusha. Waambieni Diarra alifungwa fainali mbili za CHAN kabla hamjamjua.

Yule dogo wa Mkange, baada ya mechi alikuja kunisalimia. "Shikamoo kaka." Nikamwuliza anamshabikia nani. Akasema Diarra. Nikamwuliza timu gani, akasema timu yoyote anayodaka Diarra. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Kocha akaniomba kitu kimoja tu, jozi ya glovu, namba nane, "hata mtumba." Nimezipata Kariakoo, nitazipa basi la Miono Jumamosi.